Maswali ya Kumuuliza Deo

Deo alinitambua kwa sauti. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa ukumbi wa kuagia marehemu, hapa Jette, pembeni mwa jiji hili la Ulaya, na maua mkononi ambayo nilikuwa nimeyarudisha dukani na kuyabadilisha kwa kuogopa kwamba rangi yake ya kwanza ilikuwa ya arusi. Nikamwomba njia mwanamume mrefu aliyeuziba mlango. Akageuka, akanitazama kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. "Ni wewe wa maswali," alisema. Hatukuwahi kuonana. Alikuwa amesafiri kutoka Kentucky kuja kumzika dada yake, Maman Faida, ambaye miaka sita iliyopita alinipangisha chumba cha juu nyumbani kwake kwa mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumpa pole tangu kwenye tramu, lakini niliishia kuushika mkono wake tu. "Bado nawaza vilevile," akasema, bila mimi kumuuliza kitu. Halafu akatabasamu kwa aibu, akaenda kupokea wageni wengine. Nikakaa kiti cha nyuma kabisa, na mwaka ule ukanijia wote kwa pamoja, na harufu zake.

Nilikuwa nimeacha chuo. Sikufukuzwa. Niliacha kupeleka kazi za darasani kwa sababu hakuna hata moja niliyoiona imekamilika, na kazi isiyopelekwa haisahihishwi. Nyumbani Tanzania nilisema ninaendelea vizuri. Badala yake nikajifundisha mwenyewe, kwa mihadhara ya bure mtandaoni na vitabu vya maktaba ya mtaa, somo moja lililonishika kuliko yote niliyofundishwa: namna ya kupima maoni ya watu. Kwa mtu mwenye wasiwasi kama wangu, ambaye hawezi kutoka kwenye mazungumzo ya dakika mbili bila kujiuliza usiku kucha yule mtu aliniona vipi, ilikuwa habari njema kwamba kuna taaluma nzima ya kujua watu wanafikiri nini bila kuwakisia. Nilisoma kuhusu Wamarekani zaidi ya wote kwa sababu wao ndio wanaopimwa kuliko wote. Nikaweza kueleza kwa nini kijiji cha huko kinapiga kura kwa namna moja na mji wa jirani kwa namna nyingine, wakati sikuweza kueleza kwa nini jirani yangu wa mlango wa pili hanisalimii.

Ndiyo maana nilipoona kampuni ndogo upande wa Laeken inatafuta watu wanaojua Kiingereza, wawapigie simu Wamarekani na kuwahoji kabla ya uchaguzi wao, nilienda siku hiyohiyo. Tulikaa ghorofa ya tatu, kila mtu na kibanda chake chenye kuta za zulia la kijivu, vipokea sauti masikioni, harufu ya supu za pakiti. Tulianza alasiri, huko kunapokuwa asubuhi. Kanuni zilikuwa chache na nilizipenda kama mtoto anavyopenda mchezo anaoumudu. Soma swali kama lilivyoandikwa, neno kwa neno, kwa sauti ileile. Usieleze. Usikubali wala usikatae. Mhojiwa akinyamaza, ngoja. Akikuuliza wewe unaonaje, sema: mimi ni mhojaji tu, sina ruhusa ya kujibu maswali. Wenzangu waliichukia sentensi hiyo. Mimi nilijifunika nayo kama blanketi. Nilikuwa napitisha alasiri nzima nikizungumza na watu, mkulima mmoja, mlinzi wa shule, mama aliyenihoji mimi kwanza kama ni mashine, kisha nikavua vipokea sauti, nikapanda tramu, na nilipofungua mlango wa Maman Faida nikagundua kwamba tangu asubuhi sijasema neno langu hata moja.

Nilijifunza jambo ambalo vitabu vilikuwa vimelisema lakini sikuwa nimelisikia. Nilikuwa nikidhani watu wana maoni kama walivyo na viatu, yamewekwa mahali, ukiuliza wanayatoa. Kumbe wengi wanayashona palepale, wewe ukiwa kwenye simu, kwa vitambaa vilivyo karibu: alichosema shemeji jana, bei ya mafuta, swali ulilolisoma kabla ya hilo. Ukiuliza kwanza habari za uhalifu, halafu wageni, wageni wanatoka wakinuka uhalifu. Ukiuliza kwanza habari za mababu waliohamia, wageni haohao wanapewa kiti. Na mara nyingi, katikati ya swali, mtu aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi kwenye mtihani: "Wengine huwa wanajibuje?" Sikuruhusiwa kumwambia. Lakini nilimwelewa kuliko alivyojua.

Nyumba ya Maman Faida ilikuwa nyembamba na ndefu kwenda juu, kama nyumba zote za mtaa ule, na uhai wake wote ulikuwa jikoni. Alikuwa mtu wa Bukavu, amepita ukimbizi, sasa anahudumia wagonjwa wazee hospitalini. Alirudi na miguu iliyovimba, akaiweka kwenye beseni, akapika akiwa amekaa. Jumapili baada ya misa palikuwa na sombe ya majani ya muhogo, maharage, samaki wa kukaanga, fufu, ugali wa kwao, chini ya kitambaa cheupe, na Papa Anselme. Papa Anselme alikuwa mjane wa mtaa wa pili aliyekuja kula na kuzungumzia siasa za Marekani. Mwaka ule wa uchaguzi hakuwa na jambo lingine.

"Moi, kama ningekuwa Mwamerika," alisema, "siku ya vote ningeamuka ya kwanza. Avant jua itoke."

"Anza na ya hapa," Maman Faida akamwambia. "Commune ilikutumia convocation, barua ya kukuita kwa vote. Iko chini ya télé yako, umeitiya chupa ya bière juu."

"Ya hapa banatulazimisha. Kitu ya kulazimishwa haina goût mu kinywa."

"Donc ya kule haupigi kwa sababu haukubaliwi, na ya hapa haupigi kwa sababu unalazimishwa. Bon. Kula."

Kisha wakanigeukia mimi. Maman aliniita Tanzanie, hajawahi kuniita jina langu. "Tanzanie, wewe uko unaongea nao kila siku. Nani atashinda?" Nikaeleza kwamba utafiti hautabiri, unapima tu hali ya siku ile, na kwamba kuna kiwango cha makosa, na kwamba wanaokubali kujibu simu huenda si sawa na wanaokataa. Nilieleza kwa ukamilifu, nikiogopa kuruka kitu. Nilipomaliza, sombe ilikuwa imepoa na Papa Anselme anamwangalia Maman. "Huyu mutoto anaongea kama notice ya mu paketi ya dawa," alisema. Wakacheka, bila ubaya. Nilicheka pia, kisha nikapanda chumbani na kukaa kitandani na koti, nikiyapitia maneno yangu moja moja kuona ni lipi lililoharibu.

Nilikuja kujua polepole, kwa kusikia vipande vipande, kwamba mezani pale palikuwa na mtu asiyetajwa. Maman Faida alikuwa na wadogo wawili waliobaki. Riziki alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, ndani ya nchi yangu, mahali ambapo mimi Mtanzania sijawahi kukanyaga, na faili lake la kupelekwa Marekani lilikuwa limefika mbali. Alikuwa ameshapimwa afya. Deo alikuwa Kentucky tayari, raia, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama. Uchaguzi ulipokaribia, Deo aliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba nchi imejaa, kwamba mlango ufungwe kwanza watu wapangwe, na kwamba mgombea anayesema hivyo ndiye wake. Maman Faida alisoma akiwa zamu. Akatoka kwenye kundi. Tangu siku hiyo Deo akawa "ule wa kule," na akipiga, simu inaita juu ya friji hadi ichoke. Nilimsikia siku moja akimwambia Papa Anselme, akiwa amempa mgongo: "Mutoto mwenye nilimubeba anafungia mwengine mulango. Na mulango yenyewe njo ile ile alipitia."

Ni Maman mwenyewe aliyeniomba. Alipanda ngazi zote kwa miguu ile, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akasimama mlangoni mwangu akihema. "Wewe unajua kuwauliza bila kugombana," alisema. "Miye nikimupigia, nitamulaani, na laana haitokaka mu kinywa ikarudi. Muulizie miye. Nataka kujua tu juu ya nini." Juu ya nini, yaani kwa nini. Sijui kama niliwahi kufurahi namna ile. Kuna mtu aliyekuwa ananihitaji kwa kitu nilichokijua. Na nilielewa kilichokuwa hatarini: kama Deo angejibu vibaya, au mimi kuuliza vibaya, Maman angebaki na mdogo mmoja tu, yule wa kambini.

Basi nikaandaa maswali. Wiki nzima niliyaandika na kuyafuta, asubuhi kabla ya kazi, kwenye meza ya jikoni yeye akiwa hospitalini. Swali la Riziki nililiweka la tisa kwa makusudi, kwa sababu ukimtaja Riziki mwanzoni, majibu yote yanayofuata yatakuwa ni ya Riziki. Nilitafuta neno la "mlango" lisilo na hukumu ndani yake. Niliyajaribu kwa sauti mbele ya friji. Deo alikubali kwa ujumbe mfupi: Jumapili, akitoka ibadani, kwetu ikiwa jioni. Nilimwomba Maman asiwepo. Nilimweleza kwamba mtu wa pili akiwa chumbani, majibu hubadilika, hilo limepimwa. "Ni jikoni yangu," alisema. Akaahidi kunyamaza.

Alikaa mbele yangu, akimenya ndizi za kupika. Simu ilikuwa katikati yetu, sauti imefunguliwa. Nikajitambulisha kwamba ni mpangaji wa dada yake, nikamshukuru kwa muda wake, kisha nikauliza kama ninavyouliza kazini: je, uko mahali unapoweza kuzungumza kwa faragha?

"Niko mu gari, parking ya kanisa," alisema Deo. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyeimba. "Na wewe, uko wewe peke?"

Kisu cha Maman kilisimama. Akatikisa kichwa.

"Mimi ni mhojaji tu," nikasema. "Sina ruhusa ya kujibu maswali."

Akacheka. "Okay. Basi dada iko hapo. Nilimusikia na kisu. Sawa, uliza."

Nikasoma swali la kwanza: unapofikiria nchi unayoishi, ni jambo gani linalokuja kwanza akilini?

"Supu," alisema. Nikangoja, maana ndivyo tulivyofundishwa. "Tulifika kwenye baridi, bibi yangu na mimba. Hatukujua hata kuwasha chauffage ya kupasha nyumba. Bibi kizee mumoja wa hii kanisa akatuletea supu, na kesho yake tena, na bwana yake akanifundisha gari. Mimi nilikuwa naogopa barabara, nalia, mwanaume muzima. Yeye ananiambia, polepole, Deo. Hao njo bantu wangu huku. Wakati ya vote wananiambia, sisi tunawaza hivi, nchi imejaa, watu wanakuja bila utaratibu. Hawakunilazimisha. Lakini muntu aliyekufundisha gari, utakaa kwa meza yake umwambie hapana? Na tena, nikuambie ukweli. Wakikuja wengi, wale wa kazini wataanza kuniangalia tena kama siku ya kwanza. Miaka yote hii nimefanya ili wasiniangalie vile."

Sikuwahi kupata jibu kama hilo kwenye kibanda changu. Kazini ningeweka alama kwenye "anakubali sana" na kwenda swali la pili, na isingekuwa uongo. Niliinua macho nione Maman ameelewa. Alikuwa anayatazama maganda.

"Muulize Riziki," akanong'ona.

Nikamwonyesha kwa kidole kwamba ni la tisa.

"Muulize sasa. Muulize nani alimubeba mugongo siku ya mbio ya vita."

Hapo nilifanya nilichokijua. Nilichukua maneno yake na kuyapiga pasi. "Katika utoto wako," nikasema, kwa sauti ileile, "ilipotokea safari ndefu ambayo hukuweza kutembea, nani alikubeba zaidi? Mama, baba, dada, au mtu mwingine?"

Niliisikia milango ya magari huko kwao, na mtu anaaga kwa Kiingereza.

"Hiyo swali siyo yako," alisema Deo.

"Unaweza kukataa kujibu."

"Dada. Andika dada."

Maman alikuwa ameweka kisu chini. "Sasa muulize," alisema, wala hakunong'ona tena, "Riziki yeye iko mugongoni mwa nani?"

Nililitafuta. Naapa nililitafuta lile swali katika sura isiyoegemea upande, maana niliamini kila swali duniani lina sura hiyo, ni suala la kufanya kazi zaidi. Nilifungua kinywa mara mbili. Na katika kungoja huko Maman Faida alinyoosha mkono, akaivuta simu kwake, akaizima sauti ya nje, akaiweka sikioni. Alisema neno moja kwa Kishi, lugha ya kwao. Nadhani lilikuwa jina la utotoni la Deo, kwa sababu upande wa pili sauti ya mtu mzima ilivunjika, nikaisikia hata pale nilipokaa. Maman akanielekeza mlango kwa kidevu. Hakunielekeza kwa ukali, ni namna unavyomtoa mtu chumbani mtoto akianza kunyonya.

Nilikaa kwenye ngazi, kwenye giza la korido lenye baiskeli na viatu. Walisema kwa muda mrefu. Kulikuwa na kugomba ndani yake. Sauti ya Maman ilipanda, ikashuka, ikapanda. Sikuelewa kitu isipokuwa maneno ya Kifaransa yaliyopita kama watu unaowafahamu kwenye dirisha la treni: papiers, honte, impossible; karatasi, aibu, haiwezekani. Niliogopa kwamba nimeharibu. Niliogopa pia, na hili nililiona kwa mshangao, kwamba sijaharibu, na kwamba hawatanihitaji tena.

Alipofungua mlango macho yake yalikuwa mekundu. "Iko palepale," alisema. "Amesema ndiyo yake, nimesema non yangu. Kichwa ngumu, kama papa yetu."

"Na Riziki?"

"Ameniuliza Riziki anavaaka viatu numéro gani. Anataka kumutumia, ya mvua." Akapangusa meza pale simu ilipokuwa. "Trente-neuf, thelathini na tisa, nimemwambia. Amecheka, kumbe hakusahau ana miguu mirefu." Kisha akaniwekea ndizi na samaki, sahani ya mtu mmoja, akarudi kulala kabla ya zamu. Nilikula zote. Hata sasa sijui niviweke wapi: viatu vya mvua kwa mtu ambaye usingependa afunguliwe mlango. Nilirudia kichwani orodha zote za majibu nilizowahi kuzisoma kwenye simu, na hapakuwa na mahali pake.

Tangu hapo Deo alipiga kila Jumapili. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya mafuta, sauti tu bila picha, na Papa Anselme akashusha sauti yake kwa heshima ya Amerika halisi. Uchaguzi ulipita. Mlango ulikuja kufungwa kweli, na faili la Riziki likarudi chini ya mengine; siku hiyo waligombana hadi Maman akaitupa simu ndani ya unga, na Jumapili iliyofuata ikaita tena na akaipokea. Walizungumza Kishi. Nilikuwa nikiuliza, "Amesemaje leo?" na Maman ananijibu, "Rien, hakuna kitu, mambo ya kwetu," kwa upole kabisa, akinisogezea pilipili. Mimi ndiye niliyewapigia simu ya kwanza, lakini kwenye Jumapili zao nilikuwa mtu wa kusogezewa pilipili. Kazini mkataba uliisha pamoja na uchaguzi. Mwaka wangu pale ulipotimia nilipata chumba Ganshoren, kwenye mtaa wa kimya ambapo mapazia yanafungwa mapema, na nilipohama Maman alinipa sufuria. Alisema nije Jumapili. Nilienda mara chache. Kila mara nilifika mlangoni kwake, nikasikia vicheko ndani, nikawaza kwamba nitawakatiza, na mara nyingine niligeuka bila kubonyeza kengele. Sina sababu nzuri kuliko hiyo.

Haya yote niliyawaza kwenye kiti cha nyuma, jeneza likiwa wazi mbele na kina mama wamelizunguka. Nilikuwa nimeshaamua kuondoka kimya kimya Deo aliponifuata. Alikuwa ameshika simu. Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke wa uso mwembamba, na ukuta wa turubai nyuma yake. "Riziki anataka kumuona," alisema. "Mimi siwezi. Shika wewe."

Nikaenda mbele. Nilisimama karibu na kichwa cha Maman Faida, nikainua simu, na Riziki akaniongoza kutoka kambini, kwa sauti inayokatika. Chini kidogo. Hapo. Mikono. Nionyeshe mikono. Walikuwa wamempaka mafuta, na rozari imezungushwa kwenye vidole vyake. Rudi kwa uso. Deo alikuwa bega kwa bega nami, amefumba macho. Kisha picha ya Riziki ikaganda katikati ya neno, kinywa wazi, na alama ya duara ikaanza kuzunguka juu ya paji lake la uso. Nikaangalia pembeni kutafuta mtu wa kumuuliza nifanye nini.

"Usishushe," alisema Deo. "Itarudi."

Kina mama wakaanza wimbo. Mkono ulianza kuniuma begani, nikauegemeza kwa mkono wa pili, nikaendelea kuinua.